Bata mzinga abisha hodi: Sikukuu ya Shukrani kwenye meza ya Kiyahudi

Ndege huyu hana bahati na majina. Waingereza wamemwita kwa jina la Uturuki, Waturuki wenyewe wanamwita wa India, Wafaransa wakaungana na Waturuki, Wareno wakamhamishia Peru, na sisi tukaona ni bata tu, tena wa mzinga. Kwao hasa ni Meksiko na nchi za kaskazini yake. Kiebrania nacho kinamwita tarnegol hodu, yaani jogoo wa India. Ila hodu ina maana ya pili. Ndilo neno la kwanza la Zaburi ya 118, nalo maana yake ni "mshukuruni". Basi Myahudi wa Marekani anapomweka bata mzinga mezani Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ambayo nchi nzima inakula kwa jina la shukrani, utani uko tayari kwenye sahani. Mswahili akilisikia neno hilo atataka kujibu "karibu!", na hatakuwa amekosea sana, kwa sababu kisa chote ni cha mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba yenye masharti mengi ya jikoni.

Nyumba hiyo ilikuwa na maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza: je, inafaa Myahudi kuiadhimisha siku hii? La pili: je, akiiadhimisha, ale nini na ale vipi? La kwanza limewashughulisha marabi, wanazuoni wa dini ya Kiyahudi. La pili linampasua kichwa anayepika, na kwa maoni yangu ndiko kwenye utamu.

Tuanze na siku yenyewe, maana haikuzaliwa ikiwa "ya taifa" kwa sura tunayoijua. Mwaka 1789 Rais George Washington alitangaza Alhamisi ya tarehe 26 Novemba iwe siku ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya nchi mpya na katiba yake. Tangazo lilimtaja Mungu bila kutaja dini ya mtu. Jijini New York palikuwa na jumuiya ya Kiyahudi, Shearith Israel, iliyoanza mwaka 1654, na kiongozi wake wa ibada, Gershom Mendes Seixas, alitoa hotuba siku hiyohiyo akiwahimiza watu wake waishukuru serikali iliyowafanya raia sawa na wengine. Kwa hiyo Wayahudi walikuwa ndani ya sikukuu hii tangu tangazo la kwanza la rais, kabla bata mzinga hajawa lazima na kabla mtu hajaota pai ya boga ya dukani.

Mlango huo haukubaki wazi siku zote. Kwa miaka mingi magavana wa majimbo ndio waliotangaza siku zao za shukrani, kila mmoja kwa maneno yake. Mwaka 1844 gavana wa South Carolina, James Henry Hammond, aliwaalika watu wa jimbo lake wamshukuru Mungu na Yesu Kristo Mkombozi. Wayahudi wa Charleston, ambao mji wao ulikuwa na mojawapo ya jumuiya za Kiyahudi kubwa na kongwe nchini, waliona wamefungiwa nje ya sherehe ya jimbo lao wenyewe. Zaidi ya mia moja walitia saini barua ya malalamiko. Gavana hakuomba radhi; alijibu kwamba aliamini anaishi katika nchi ya Kikristo. Kisa hiki nakipenda kwa sababu hakuna rabi aliyekuwa akiuliza kama sikukuu inaruhusiwa. Waumini ndio waliokuwa wakigombea nafasi yao ndani yake.

Abraham Lincoln aliifanya iwe ya nchi nzima mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Mwaka 1941, baada ya Franklin Roosevelt kuisogeza tarehe na kuzua mabishano, bunge likaifunga kwenye Alhamisi ya nne ya Novemba. Hadithi ya mahujaji wa Plymouth, walowezi kutoka Uingereza, waliokula pamoja na wenyeji Wawampanoag mwaka 1621 ndiyo inayofundishwa shuleni, ingawa wapo wazawa wa bara hilo ambao tangu 1970 hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Kuna pia wanaodai kwamba mahujaji wale, wasomaji wakubwa wa Agano la Kale, waliiga Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi. Dai linapendeza, nalo hurudiwa kila Novemba, lakini waliohudhuria karamu ile hawakuandika jambo kama hilo.

Sasa swali la marabi. Taurati, katika Mambo ya Walawi sura ya 18, inawakataza Waisraeli kufuata desturi za mataifa. Desturi zipi? Msomaji aliyekulia Mombasa au Unguja atautambua mjadala huu hata kama hajawahi kukanyaga sinagogi, kwa kuwa tumeusikia kwenye keki za siku ya kuzaliwa na kwenye mwaka mpya wa Januari: hii ni mila tu, au ni ibada iliyovaa nguo za mila?

Jibu lililotumika zaidi lilitoka Italia katika karne ya 15, kwa rabi Joseph Colon. Aliulizwa kama daktari Myahudi anaruhusiwa kuvaa joho la madaktari wenzake wasio Wayahudi. Akaruhusu. Kinachokatazwa, alisema, ni desturi isiyo na maana inayoeleweka, ambayo kwa hiyo inanuka ibada ya kigeni, au desturi inayovunja staha. Joho linamtambulisha mwenye fani, na hiyo ni sababu inayoeleweka. Ukilihamisha jibu hilo hadi Marekani ya karne ya 20, swali linakuwa: kula bata mzinga Alhamisi fulani kwa ajili ya kushukuru kuna maana inayoeleweka, au hakuna?

Marabi wakubwa watatu wa zama hizo hawakukubaliana. Joseph B. Soloveitchik hakuona tatizo lolote, na wanafunzi wake wamesimulia kwamba siku hiyo alikuwa akifupisha darasa ili awahi mlo. Moshe Feinstein, aliyekuwa akiulizwa maswali ya kila aina huko New York, alisema siku hii si ya dini, kwa hiyo kumla bata mzinga si kosa. Asichokipenda ni mtu kuugeuza mlo huo kuwa wajibu wa kila mwaka kana kwamba ni amri. Yitzchok Hutner alikuwa mkali zaidi: sikukuu iliyopangwa kwa kalenda ya Wakristo, kwake yeye, ilikuwa na harufu ya dini ya watu wengine hata kama hakuna anayesali. Ndiyo maana hadi leo utakuta jumuiya mbili mtaa mmoja wa Brooklyn, moja imefunga shule na jikoni kunanukia, nyingine watoto wako madarasani kama Alhamisi nyingine yoyote.

Kuna pia hoja ya kimyakimya inayosemwa na watu wa pande zote. Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inamtaka mtu akila na kushiba amshukuru Mungu, na Myahudi mshika dini husoma sala ndefu ya shukrani kila baada ya mlo wenye mkate. Mkali husema: basi sihitaji Alhamisi ya serikali. Mpole husema: basi Alhamisi ya serikali imenikuta tayari nimeketi.

Wakati marabi wanajadiliana kuhusu siku, ndege mwenyewe alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma, na kuingia kwake ni mtihani wa kifiqhi kuliko sikukuu yenyewe.

Wanyama wa miguu minne wana alama mbili katika Taurati: kwato zilizopasuka na kucheua. Samaki naye ana mapezi na magamba. Ndege hawakupewa alama. Walipewa orodha ya waliokatazwa tu, ambao wanazuoni wanawahesabu kuwa aina 24. Hesabu hiyo ingerahisisha mambo, kwa maana asiye kwenye orodha anafaa. Tatizo ni kwamba baada ya karne nyingi hakuna aliyekuwa na uhakika majina yale ya Kiebrania ni ya ndege gani. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ikatoa alama za kusaidia. Ndege anayekamata mawindo kwa kucha hafai. Anayefaa ana kidole cha ziada mguuni, kifuko cha chakula shingoni, na firigisi ambalo utando wake wa ndani unamenyeka. Yeyote aliyewahi kusafisha kuku anaijua ile ngozi ya manjano inayobanduka kwenye firigisi. Hiyo ndiyo alama ya tatu. Mishna na bibi yako wanazungumzia kitu kimoja.

Bata mzinga ana alama zote. Lakini alama zilikuja kuonekana hazitoshi. Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya wanazuoni juu ya Mishna, inamtaja ndege wa kinamasi ambaye watu walimla wakimdhani halali, kisha akaonekana akikamata mawindo. Rashi, mfasiri mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 11, akajifunza hapo kwamba alama pekee zinaweza kumdanganya mtu, na kwamba usalama uko kwenye mapokeo: ule ndege ambaye wazee wako walimla. Katika karne ya 16 Moses Isserles wa Kraków akaliandika hilo kuwa sheria kwa Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki. Ndege asiye na mapokeo haliwi, hata awe mpole namna gani.

Tazama karne hiyo tena. Ni karne ileile ambayo Wahispania walimleta bata mzinga Ulaya kutoka Meksiko. Ndege ambaye hakuna babu wa Kiyahudi aliyewahi kumwona, achilia mbali kumla, anashuka melini wakati ambapo sheria ya "babu yako alimla?" inaandikwa. Kwa mantiki kavu alipaswa kurudishwa mlangoni.

Hakurudishwa. Wayahudi wakamla. Marabi waliokuja baadaye wakakuta watu wameshashiba, nao wakaanza kutafuta sababu. Mmoja atasema jina lake linaonyesha katoka India, na huenda Wayahudi wa huko walikuwa na mapokeo juu yake, hoja iliyojengwa juu ya kosa la jiografia. Mwingine atasema watu walianza kumla kabla ukali wa Isserles haujaenea, kwa hiyo kimya cha wakati ule ni ruhusa. Mwingine atasema wafugaji wamekaa naye vizazi vingi na hajaonekana hata mara moja akiwinda. Mimi naona sababu halisi ilikuwa rahisi zaidi: alikuwa na nyama nyingi, aliishi uani na kuku, na alionekana kama kuku aliyefanikiwa maishani. Mlo ulitangulia hukumu, na hukumu ikawa na adabu ya kuufuata.

Hivyo marabi wa Marekani walipokuja kuulizwa kuhusu Alhamisi ya Novemba, bata mzinga hakuwa tena mshtakiwa. Na katika nchi ya Israeli, ambako Alhamisi hiyo ni siku ya kazi, watu wake wanahesabiwa miongoni mwa walaji wakubwa wa bata mzinga duniani kwa kila kichwa. Sehemu kubwa ya shawarma ya huko ni ndege huyu.

Tuingie jikoni. Tuseme familia iko Teaneck, New Jersey, inashika kosheri, yaani masharti ya chakula ya Kiyahudi, na mwaka huu ni zamu yao kuwaalika ndugu. Wanaanza na mapishi ya kawaida ya Wamarekani, na kila mstari unawazuia. Paka siagi chini ya ngozi ya ndege. Ponda viazi kwa siagi na maziwa. Pika maharage mabichi kwa supu ya uyoga yenye krimu. Malizia kwa pai ya boga iliyochanganywa na maziwa mazito. Hakuna nguruwe, hakuna kamba wala kaa, na bado karamu nzima haifai, kwa sababu ya maziwa.

Mara tatu Taurati inasema usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye. Kutokana na maneno hayo wanazuoni walitoa mfumo mzima: nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, vyombo vyake ni mbalimbali, na mtu akila nyama husubiri kabla ya kugusa maziwa. Wengi husubiri saa sita. Wenye asili ya Ujerumani hutosheka na saa tatu, Waholanzi na saa moja. Kama mlo umekwisha saa tisa alasiri, basi pai yenye krimu italiwa saa tatu usiku, wageni wakiwa barabarani wanarudi makwao.

Swali ambalo kila mtoto wa Kiyahudi huuliza ni hili: ndege ananyonyesha? Mama wa bata mzinga ana maziwa gani? Swali ni la zamani sana. Rabi Yose wa Galilaya alisema kwamba aya inayotaja "maziwa ya mamaye" inamwacha ndege nje, na kwao watu walikula kuku kwa maziwa bila wasiwasi. Talmudi ina kisa cha mwanazuoni Lewi aliyekaribishwa nyumbani kwa mtega ndege mmoja akawekewa kichwa cha tausi kilichopikwa kwa maziwa. Hakula, wala hakumtoza mwenyeji adhabu. Mji ule ulikuwa wa mwalimu ambaye huenda alifuata rai ya Rabi Yose. Hatimaye rai hiyo ilishindwa. Ilihofiwa kwamba anayezoea kuku na maziwa ataishia kwenye mbuzi na maziwa, ndege akahesabiwa nyama, mjadala ukafungwa. Lakini kila Novemba, mpishi anapoiweka siagi pembeni kwa huzuni, analipa deni la mabishano yaliyoanza karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Anachofanya sasa ni kutafuta vitu vya katikati, visivyo nyama wala maziwa, ambavyo Wayahudi huviita pareve. Ndege anapakwa mafuta ya zeituni. Viazi vinapondwa kwa mchuzi, au kwa mafuta ya kuku yaliyoyeyushwa na vitunguu, ambayo kusema kweli ni bora kuliko siagi. Mkate wa kujazia tumboni mwa ndege unakuwa hala, mkate wa mayai wa Sabato. Viazi vitamu ambavyo Wamarekani huvifunika kwa mashmelo, zile peremende laini kama pamba, vina mtego wake: mashmelo hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini ya kawaida mara nyingi ni ya nguruwe, kwa hiyo hutafutwa ile ya samaki au ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria.

Pai ya boga ndiyo iliyonifurahisha nilipoanza kuyafuatilia mambo haya. Baada ya kujaribu majarini na unga wa kila aina, wapishi wengi wa kosheri huko Marekani walifika kwenye tui la nazi. Boga kwa tui, sukari, mdalasini na iliki kidogo! Huandikwa kama uvumbuzi. Mwambao mzima wa Afrika Mashariki hupika boga la nazi, na hapakuhitajika aya hata moja ya kuzuia maziwa.

Jambo moja la kiufundi huwaangusha wageni jikoni. Ndege wa kosheri huchinjwa kwa kisu kisicho na pengo hata la unywele, damu yake ikafunikwa kwa udongo, kisha nyama hulowekwa nusu saa, ikapakwa chumvi kwa saa nzima na kusuuzwa ili damu iliyosalia itoke. Kwa kawaida kazi hiyo hufanyika kabla ndege hajafika dukani. Mapishi ya Wamarekani mara nyingi husema umloweke bata mzinga kwenye maji ya chumvi usiku kucha ili asikauke. Ukifuata maagizo hayo kwa ndege wa kosheri, umemtia chumvi mara mbili, na wageni watakunywa maji mpaka asubuhi.

Kando ya hayo yote kuna vyakula ambavyo havimo kwenye mapishi ya taifa na hakuna aliyeviomba, lakini bila hivyo bibi hataketi: kugeli ya viazi (viazi vilivyokunwa vikaokwa na mayai), karoti zilizopikwa na matunda makavu, na kwa waliotoka Bukhara, wali wa pilau. Katika nyumba nyingi bata mzinga ni mgeni wa heshima na pilau ndiyo inayoliwa. Wengi zaidi hawashiki kosheri hata kidogo, na wao hupaka siagi bila kumuuliza mtu, lakini kugeli ipo palepale.

Kalenda nayo ina vituko vyake. Sikukuu hii ni Alhamisi, na kesho yake Ijumaa inaingia Sabato. Jua la New York mwishoni mwa Novemba huzama karibu saa kumi na nusu jioni, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Baada ya hapo hakuna kupika. Kwa familia nyingine hii ni adhabu, karamu mbili ndani ya siku mbili. Kwa wenye hesabu ni zawadi, kwa kuwa mabaki ya ndege mmoja wa kilo nane hutosha kuwa supu ya Ijumaa usiku na nyama baridi ya Jumamosi.

Na mara chache mno kalenda mbili hugongana kwa furaha. Mwezi wa Kiebrania hufuata mwandamo, na mwezi wa 13 huongezwa miaka fulani ili majira yasihame, kwa hiyo sikukuu za Kiyahudi huelea juu ya kalenda ya serikali. Tarehe 28 Novemba 2013 siku ya kwanza ya Hanuka iliangukia Sikukuu ya Shukrani. Hanuka ni ya vyakula vya mafuta, basi mwaka ule chapati za viazi zililiwa na mchuzi wa kranberi, maandazi yakajazwa boga, na mtoto mmoja wa New York akabuni kinara cha mishumaa chenye umbo la bata mzinga kikanunuliwa na watu wengi. Kwetu huku kuna mgongano mzito zaidi wa aina hii. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala na utawala wa Idi Amin, uliokuwa umepiga marufuku dini ya Wayahudi wa Mbale, ukaanguka. Jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ikaingia, sikukuu ya kutoka utumwani.

Turudi Teaneck, meza imeshaandaliwa. Wapo Wayahudi wachache ambao mpaka leo hawamli bata mzinga kabisa, na hilo halihusiani na serikali, na Alhamisi, wala na maziwa. Wanasimulia kwamba babu yao, rabi Yom Tov Lipmann Heller aliyefariki mwaka 1654, hakuridhishwa na ndege asiye na mapokeo, akauwekea uzao wake mwiko. Mmoja wa ukoo huo akioa kwenye familia hii, mama mkwe hahitaji kuelezwa mara mbili. Bata mzinga atakaa katikati akiwa amezungukwa na viazi, na mbele ya mkwe patakuwa na sahani ndogo iliyofunikwa, yenye paja la kuku.